Nyumba ya Wankuru kwenye Ramani ya Tarime

Siku niliyokabidhi vifaa vya ofisi, kijana wa stoo aliigeuzageuza dira yangu mkononi akaniuliza ni saa ya aina gani. Nikamwambia ni ya kizamani, haina mshale wa dakika. Akaandika kwenye orodha yake: saa, moja, mbovu. Akanionyesha pa kusaini, nikasaini. Ndiyo maana nimekaa chini niwaandikie ninyi mliobaki, kabla na mimi sijaandikwa hivyohivyo.

Habari za vyeo sitaziweka humu. Nilipanda kidogo, nikakaa sana, nikastaafu, basi. Kazi yenyewe ndiyo nataka muielewe. Kazi yetu ilikuwa kuichora nchi pamoja na watu wake, kitongoji kwa kitongoji, ili siku ya sensa karani ajue eneo lake linaanzia wapi na linaishia wapi, asimruke mtu wala asimhesabu mtu mara mbili. Nimeifanya Tarime na Serengeti tangu ningali msichana hadi magoti yaliponikataa. Nawaambia ukweli, sikuwahi kuizoea nchi ile. Kila nilipodhani nimeizoea, iliniacha mdomo wazi.

Kwetu ni Majita, kando ya ziwa. Nimekulia mahali ambapo ukitaka kujua nchi inaishia wapi unaangalia maji, umemaliza. Nilipopangiwa Tarime mama yangu alilia, maana huko kwetu walishatiwa hofu kwamba Wakurya wakikuamkia wanakuamkia na panga. Nilifika asubuhi yenye ukungu, nikiwa na sweta moja la shule, nikakuta watu wananunua ndizi na kahawa kwa utulivu kabisa. Panga nililoliona siku hiyo lilikuwa linakata muwa, na kipande cha kwanza nilipewa mimi. Baridi tu ndiyo ilinipiga.

Aliyenipokea ni Mzee Magesa, mchora ramani wa wilaya, Mzanaki mfupi mwenye hasira za karibu na moyo mweupe. Nilikuwa nimekuja na penseli zangu nne zilizochongwa vizuri. Akazichukua akaziweka mfukoni mwake. Akanipandisha kilima kimoja juu ya Itiryo, akaniambia nikae, niangalie, nisichore chochote. Nikakaa. Ukungu ulipoinuka, nikaona nchi imefunuka mbele yangu: vilima vya kijani vikifuatana, migomba, moshi unatoka kwenye paa za nyasi na za bati, ng'ombe wanatoka zizini kila mahali kwa wakati mmoja, na mbali kabisa kusini nchi inashuka, inashuka, mpaka inapotelea kwenye bonde la Mto Mara. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakiwa hawako mjini. Machozi yalinitoka, sijui kwa nini. Mzee Magesa alipoyaona alinirudishia penseli zangu, akasema sasa naweza kuanza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mji wa watu kabla sijapiga hodi. Ukiona ua wa minyaa umezunguka, huo ni mji mmoja. Ndani yake zizi liko katikati, na kila mlango unaoliangalia zizi ni wa mwanamke fulani. Msihesabu paa, alikuwa akisema, hesabuni mafiga, maana paa linaweza kuwa la mbuzi. Nimewahi kumwona karani mmoja msomi akiandika banda la mbuzi kuwa kaya, mkuu wa kaya hakupatikana.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Serengeti, na huko ndiko nilikopata mshangao wa pili. Nilikuwa nimepita Kenyamonta na Ringwani, mashamba ya mihogo na mtama, watu wa kutosha, watoto wa shule barabarani. Halafu nikaendelea mashariki nikifuata mpaka wa hifadhi ya wanyama. Nyumba zikaanza kupungua. Nikafika kwenye mji mmoja wa mwisho, bibi akanipa maji, nikamwuliza jirani yake wa upande ule ni nani. Akacheka akaninyooshea kidole nyumbu. Nilisimama pale nimeshika ubao wangu wa kuchorea. Upande wa kushoto wa karatasi palikuwa hapatoshi kuandika, na upande wa kulia palikuwa hapana mtu hata mmoja, ni majani na wanyama hadi macho yanapokoma. Mstari wenyewe ulikuwa chini ya viatu vyangu, na wala huuoni.

Vifaa vilibadilika, nilibadilika navyo. Tulianza na picha za anga, nyeusi na nyeupe, ambazo lazima uzitazame mbili pamoja kupitia miwani maalumu mpaka vilima vinyanyuke. Zikaja jipiesi zilizokuwa zikitafuta satelaiti kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Mwishoni vikaja vishikwambi, mkavipenda ninyi, na mimi sikuvichukia, ila havipendi mvua na havijui kupiga hodi. Hodi ni kazi yenu wenyewe. Kazi hii nusu yake ni hodi.

Sasa niwasimulie mji mmoja tu, maana ndio uliobaki kifuani mwangu. Ulikuwa Itiryo, na tulikuwa tunatenga maeneo kwa ajili ya sensa hii ya mwisho. Wakati wa kutenga huwa tunapita mji hadi mji, tunaandika jina la mkuu wa kila kaya. Niliongozana na mwenyekiti wa kitongoji, Chacha, mtu mnene, mcheshi, anayejua ng'ombe wa kila mtu kwa majina. Tulipokaribia ua mmoja wa minyaa akapunguza mwendo. Akaniambia hapa kwa Wankuru nitumie akili, pana moto chini ya majivu.

Akanieleza tukiwa njiani. Wankuru alikuwa mjane, mzee, mwenye mabinti walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hakumpata. Mumewe, Mwita, alipofariki, shamba na zizi vilikuwa vimesimama kwa jina la nyumba ya Wankuru, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume, kwa taratibu zao, huzimika. Ardhi hurudi kwa watoto wa ndugu za marehemu. Chacha mwenyewe alikuwa mmoja wa hao watoto wa ndugu, na hakunificha. Alisema shamba lile ni zuri, angekuwa mwongo akisema halitaki.

Lakini Wankuru hakukubali kuzimika. Alifanya kile ambacho Wakurya wanakiita nyumba ntobhu. Alioa. Ndiyo, nimeandika alioa, msifute. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaleta mke, akamwolea mwana ambaye hakumzaa. Mwana huyo hayupo, hajawahi kuwapo, lakini nafasi yake ipo na mke wake yupo. Mke anajichagulia mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanaozaliwa ni wajukuu wa nyumba ile. Mwanaume mwenyewe anakuja, anakwenda. Hana neno. Mara ya kwanza kuelezwa jambo hili, miaka mingi nyuma, nilidhani wananitania mgeni.

Mke aliyeletwa aliitwa Robi. Hakuwa binti mdogo. Alikuwa ametoka kwenye ndoa ya mwanaume aliyempiga mpaka majirani wakazoea, akakimbia, akarudi kwao, na Wankuru akamfuata huko. Kwa Wankuru akapumua. Kisha akampata Masanja, Msukuma wa upande wa Kahama aliyekuja Mara kufuata dhahabu, akazaa naye mtoto wa kiume. Hapo ndipo nyumba ya Wankuru ilipopata moto tena, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana Masanja hakuwa ameelezwa vizuri kwamba yeye ni wa kuja na kwenda.

Tukapiga hodi. Wankuru alikuwa ameketi mbele ya mlango wake anapepeta ulezi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha ungo. Robi alikuwa jikoni. Mlangoni kwa Robi akatoka mwanaume mrefu aliyevaa buti za mpira zenye udongo mwekundu, akatukaribisha, akasema yeye ndiye mwenye mji. Ungo wa Wankuru ukasimama kidogo. Chacha akaanza kuangalia mawingu.

Masanja aliongea kwa heshima, lakini aliongea kama mtu aliyebeba maneno muda mrefu. Alisema bati zile kaziezeka yeye. Choo kile kakichimba yeye. Kisima kilikuwa kimejaa tope, kakizibua yeye. Mtoto ni wake, damu yake, na anataka aandikwe yeye kuwa mkuu, halafu machimbo yakifungwa aichukue familia yake aende nayo kwao. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheza na kuku. Wankuru alimwita Mwita, jina la marehemu mumewe. Masanja alimwita Luhende, jina la baba yake. Mtoto aliitika yote mawili. Robi nilimsikia akimwita "wewe" tu, na nikaelewa kwa nini.

Nikaeleza kama tunavyofundishwa, na ninyi elezeni hivyohivyo. Sensa haigawi shamba. Sensa haiamui kesi. Majina hayatoki ofisini, tumekula kiapo. Nikawaambia mkuu wa kaya si lazima awe mwanaume wala mwenye bati, ni yule ambaye watu wa kaya ile wenyewe wanamtambua kuwa mkuu. Hakuna aliyeniamini kwamba jambo hili ni dogo. Majirani walishaanza kujipanga nje ya ua, kila mmoja anajifanya anatafuta mbuzi wake. Wankuru alisema mkuu ni yeye. Masanja alisema ni yeye. Akabaki mtu mzima mmoja wa kuulizwa.

Nikamwuliza Robi. Wee acha tu, sikupenda kumwuliza. Alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Akajibu akiniangalia mimi, hakumwangalia yeyote kati yao.

"Wankuru ndiye mkuu," alisema. "Alinichukua jicho langu moja likiwa limefumba kwa ngumi. Hakuniuliza nitazaa nini. Aliniuliza kama nimekula."

Halafu akarudi jikoni. Masanja akaingia ndani, akatoka na begi. Akamwinamia mtoto, akamwita Luhende, akamshika kichwa. Hakugombana na mtu. Akatoka kwenye ua akashika njia ya kuteremka bondeni, na majirani wale waliokuwa wakitafuta mbuzi wakampisha. Niliandika jina la Wankuru. Alikuwa ameshinda, na alirudia kupepeta ulezi wake, lakini niliona punje nyingi zinaanguka chini ya ungo.

Tulipotoka, Chacha aliniambia mtoto mmoja bado si nyumba. Mtoto anaumwa, mtoto anakua anaondoka, mambo ni mengi. Hakuyasema kwa ubaya, aliyasema kama mkulima anayeangalia mvua ya jirani. Hilo nakubali, alikuwa mkweli. Mimi nilienda zangu, nikiwa na vitongoji vingine vya kutenga, na ule mji ukawa alama moja kwenye ramani yangu kati ya alama nyingi.

Ukapita karibu mwaka. Siku chache kabla ya sensa nilitumwa bondeni kuangalia upya kambi moja ya wachimbaji wadogo. Kambi hizi zilikuwa zikitukondesha. Dhahabu ikisikika mahali, kesho yake pana mji, na mwezi ujao pana mashimo na chupa. Niliwahi kuandika namba za kaya kwenye maturubai kwa kalamu ya wino mzito, nikarudi baada ya siku tatu nikakuta maturubai yameondoka na namba zangu, yako kilima kingine. Lakini hata kule nilikuwa nikishangaa. Kwenye njia moja nyembamba kati ya vibanda nilisikia Kisukuma, Kinyiramba, Kiha, Kijaluo, Kikurya na Kiswahili cha Wakenya waliovukia Sirari, na mama lishe mmoja akiwajibu wote. Watu hawa wametoka pembe zote za nchi, wamelala juu ya udongo uleule, wanachimba usiku na mchana kutafuta kitu ambacho wengi wao hawatakiona. Nilikuwa nikitembea kati yao najisikia mdogo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwisha kuandika kibanda cha Masanja. Nilimkuta amekonda. Aliniamkia, hakuniuliza habari za Itiryo, na mimi sikumwambia. Mchana nikiwa nimesimama karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe yenye kelele za kukutoa akili, nikaona bodaboda imesimama, na nyuma yake anashushwa bibi mwenye fimbo, shuka lake limejaa vumbi jekundu. Alikuwa Wankuru. Kutoka Itiryo mpaka kule chini, kwa njia zile, mimi mwenyewe nikipanda gari mgongo huniuma siku mbili.

Alinitambua kwa kofia yangu ya kazini. Akaniambia mimi naandika watu wote, nimtafutie mtu, anaitwa Masanja. Nikajikuta niko kwenye kona. Nilijua alipo, hatua chache tu, na kiapo ni kiapo. Nikamwambia mama nisamehe, majina ninayoyaandika siwezi kuyatoa, hata kwako. Nilitegemea anikasirikie. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema ni vizuri, mtu anayetunza maneno ni mtu. Kisha akaenda akasimama katikati ya kambi, mahali njia zinapokutana, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaita jina lile mwenyewe.

Sauti ile sijui aliitoa wapi. Mara ya kwanza karasha lilimmeza. Akaita tena. Akaita tena. Watu wakaanza kutoka kwenye maturubai. Mwenye karasha, kijana wa Singida ambaye asubuhi alikataa kuzima mashine ili nimwulize jina lake, aliizima. Kambi nzima ikawa kimya, na bibi yule akaita mara ya mwisho pasipo kelele yoyote.

Masanja alitoka kwenye duara, lile shimo lao, mwili mzima mweupe kwa vumbi la mawe. Akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, mama?"

Wankuru akamwambia mtoto anamwulizia. Akamwambia Robi anapika lakini hali, na kwamba yeye Wankuru alimngoja mwaka mzima atulie, hakutulia. Akasema yeye mwenyewe amezeeka na nyumba imekuwa kimya mno. Masanja alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza, na alikiuliza polepole.

"Nikirudi nitakuwa nani pale? Mgeni tena?"

Wankuru alisema jambo kama hilo halijibiwi njiani, linajibiwa kwenye mji, penye watu wa kulisikia. Masanja akainamisha kichwa akasema basi atabaki. Sikuona hasira kwa yeyote kati yao, na hilo ndilo lililoniuma. Bibi akapandishwa bodaboda, akaondoka kama alivyokuja. Karasha likawashwa. Mimi nikaendelea kuandika, lakini msiniulize niliandika nini mchana ule.

Siku ya kuanza kuhesabu nilikuwa msimamizi wa makarani wa upande wa Itiryo. Nimesimamia sensa zaidi ya moja na sijawahi kupata usingizi kabla yake. Fikirini: nchi nzima, kutoka wavuvi wa kwetu mpaka wafugaji wa mpakani, kila mtu anaulizwa swali moja, ulilala wapi usiku wa kuamkia leo. Kila mtu ana jibu. Swali lile huwa linanigusa kama sala. Asubuhi ile niliamua kuandamana na karani wa kitongoji cha Chacha, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Ghati, kwa kisingizio cha kumkagua. Mwalimu hakuhitaji kukaguliwa. Nilitaka kujua.

Tulifika jua likiwa linachomoza juu ya migomba. Ng'ombe walikuwa bado zizini wanalalamika. Chacha akaninong'oneza kwamba Wankuru amekataa wasitolewe kabla hajahesabiwa, na kwamba kufungua zizi lile ni kazi aliyoifanya mwenyewe kila siku tangu mumewe afe, maana kwao mgeni hafungulii watu ng'ombe wao. Ndani ya ua niliwakuta wazee wa ukoo wameketi, na akina mama wa jirani, wengi. Nikamwita Wankuru pembeni, nikamweleza kwamba sensa ni siri, hawa wote watoke. Akanijibu siri ni zake, na leo anataka zisikiwe.

Mlangoni kwa Robi, kwenye kigoda, alikuwa ameketi Masanja. Amevaa shati safi, miguu mitupu, anaangalia vidole vyake. Alikuwa amefika jana yake jioni, bila kuahidiwa kitu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa Robi.

Ghati akaanza. Mkuu wa kaya? Wankuru. Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo? Wankuru akawataja: yeye, Robi, mtoto, Masanja. Ghati akarudi kwa mmoja mmoja, maana kishikwambi hakiruki mtu. Robi ni nani kwa mkuu wa kaya? Mkamwana, alijibu Wankuru, na hakuna aliyeshtuka, kila mtu alilijua hilo. Mtoto? Mjukuu. Mwalimu akabonyeza. Likatokea jina la Masanja, na chini yake machaguo, na kidole cha Ghati kikawa tayari kiko juu ya lile la mwisho, la mtu asiye na uhusiano. Nilimwona. Karani yeyote angekiweka hapohapo.

"Na Masanja, bibi, ni nani kwako?"

"Mwanangu," alisema Wankuru.

Ng'ombe ndio waliosikika peke yao. Mzee mmoja wa ukoo aliweka chini kikombe chake cha chai. Chacha alikuwa ameegemea magogo ya mlango wa zizi, na nilimwona uso wake ukibadilika, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuelewa shamba lile limekwenda wapi.

"Mama," alisema Chacha, kwa upole, "unasema mbele ya watu."

"Ndiyo maana nimewaita."

"Huyu ni Msukuma."

"Namjua kwao. Na jina la baba yake abaki nalo, silitaki." Wankuru aliwageukia wale wazee, akanyoosha mgongo wake uliopinda kadiri ulivyokubali. "Nilitoa ng'ombe nikamwolea mwanangu mke. Mlikula, mlikunywa, mkasema ni halali. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwana mwenyewe yuko wapi. Basi alikuwa njiani. Amechelewa kufika."

Ghati aliniangalia, macho yamejaa maji, mwalimu mzima. Nikamwambia aandike alivyoambiwa na mkuu wa kaya, ndiyo kanuni. Akabonyeza. Robi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Masanja alikuwa bado kwenye kigoda, mabega yanamtikisika, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nimepita nchi ile yote, milima yake na bonde lake na ule mpaka usioonekana ambapo watu wanakoma, na sikuwahi kuona kitu kikubwa kama kilichofanywa na bibi yule akiwa ameketi juu ya kigunia mbele ya mlango wake.

Wankuru alimwacha Masanja alie kidogo. Halafu akamwambia, kwa sauti ya kila siku, ile ya kumkumbusha mtu kazi:

"Haya, fungulia ng'ombe. Jua limepanda."

Masanja akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akavuka ua miguu mitupu mpaka penye mlango wa zizi. Chacha alikuwa bado ameegemea pale. Wakatazamana. Kisha Chacha akasogea, akashika gogo la juu upande wake, wakalivuta pamoja.